Kitovu, Kifundo na Gari la Mfadhili: Uhakiki wa Istilahi za Sehemu ya Mbele ya Gari

Imekuwa desturi katika uhakiki wa istilahi kulichukua neno moja, kuliweka peke yake mezani, na kuuliza kama lina sura ya Kiswahili, kama linatamkika, na kama linalingana kwa maana na neno la kigeni lililolizaa. Maswali hayo ni ya haki, nasi hatuna nia ya kuyapuuza. Hata hivyo, yakiachwa peke yake huruhusu kosa kubwa kupita bila kuonekana. Neno laweza kuwa zuri, na jirani yake likawa zuri vilevile, lakini yakikutana katika sentensi yakashindwa kutofautisha vitu viwili ambavyo msomaji ametakiwa kuchagua kimoja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi ya ufundi haina budi kupimwa ndani ya sentensi ya uchaguzi, yaani sentensi inayomwambia mtu: chukua hiki, acha kile.

Mfano wetu tumeutoa Uingereza, nao ni kazi ya watu wanaojiundia magari nyumbani. Desturi hiyo ina historia inayojulikana. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus, iliyoanzishwa na Colin Chapman, ilianza kuuza gari dogo la wazi lililoitwa Lotus Seven. Mnunuzi aliweza kulichukua likiwa vipande vipande na kuliunganisha mwenyewe, na kwa njia hiyo aliepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa kwa magari yaliyokamilika. Nafuu hiyo ilikoma mwaka 1973, kodi ya ongezeko la thamani ilipochukua nafasi ya kodi ya ununuzi. Mwaka huohuo Lotus ikaiachia kampuni ya Caterham haki ya kuendelea kulitengeneza gari hilo. Kazi ya kujiundia magari haikufa. Mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe liliahidi kumfundisha mtu kujiundia gari la michezo kwa kiasi kidogo cha pauni 250, na watu wengi walikifuata.

Sababu ya kuchagua mfano huu ni moja. Mtu anayetengeneza gari la kiwandani hulindwa na namba ya kipuri: hata kama jina limetafsiriwa vibaya, namba itamletea kipuri kilekile. Lakini mtu anayeliunda upya gari la kujiundia hana ulinzi huo. Vipuri vya mbele huvitoa katika gari la kampuni moja, vya nyuma katika gari la kampuni nyingine, na chesisi ameichomelea mwenyewe. Kilichobaki kumwongoza ni maneno tu. Basi hapo ndipo maneno huonekana yana nguvu gani.

KITU CHENYEWE

Tuanze na kitu chenyewe, kwa kuwa mfasiri asiyekijua kitu hawezi kukipa jina. Gurudumu la mbele hufungwa kwa nati nne kwenye chuma cha mviringo kinachozunguka pamoja nalo. Katika magari ya zamani yatakayotajwa hapa chini, Triumph na Cortina, chuma hicho huzunguka juu ya beringi mbili, na beringi hizo zimevikwa kwenye kipande kifupi cha ekseli ambacho chenyewe hakizunguki. Kipande hicho cha ekseli kimeshikwa na chuma kingine kilichosimama wima. Chuma hiki cha wima kimeunganishwa juu na chini na mikono miwili inayotoka kwenye chesisi. Hakizunguki na gurudumu. Lakini hupanda na kushuka barabara inapokuwa na mashimo, na hugeuka kulia na kushoto dereva anapozungusha usukani. Breki nayo imefungwa hapo.

Kwa hiyo tuna vyuma viwili vinavyokaa pamoja, vikinunuliwa mara nyingi pamoja, na kuchafuka kwa grisi ileile. Kimoja huzunguka, kingine hushikilia. Mfasiri akikumbuka jambo hilo moja, ameshinda nusu ya vita.

GARI LA MFADHILI

Kabla ya kuvifikia vyuma hivyo, mfasiri atakutana na gari ambalo vipuri hutolewa. Waingereza hulipa jina lilelile wanalompa mtu anayetoa damu hospitalini. Mfasiri akilitafuta neno hilo katika kamusi, jibu la kwanza litakalomjia ni mfadhili, kwa kuwa katika ofisi zetu neno hilo la kigeni huja mara nyingi likiwa na maana ya nchi au shirika linalotoa msaada. Matokeo yake ni gari la mfadhili. Hakuna mtumishi wa serikali atakayelisoma jina hilo akafikiria Ford Escort iliyochakaa inayongoja kufumuliwa uani. Ataliona gari kubwa jipya la mradi, na atauliza ni nani aliyeruhusu lifunguliwe nati.

Hili si kosa la sarufi wala la kutojua Kiingereza. Ni kosa la kulichukua neno katika uwanja mmoja na kulipeleka katika uwanja mwingine bila kuuliza wenyeji wa uwanja huo husemaje. Tunapendekeza gari la kutolea vipuri. Ni refu kidogo, lakini halina wa kulipotosha.

Hali kadhalika, gari lenyewe linaloundwa lisiitwe gari la kuunganishwa. Tuna viwanda vya kuunganisha magari, na jina hilo limekwisha kushikwa na kazi ya viwandani. Gari la kujiundia lina kiambishi kinachosema yote: mwenye gari ndiye mwundaji.

MNING'INIO NA MFUPA WA MATAKWA

Mfumo mzima wa springi, shokomzoba na mikono huitwa kwa Kiingereza kwa neno linalotokana na kuning'inia. Wapo watakaoona ni uaminifu kuutafsiri mning'inio. Lakini neno hilo la Kiingereza lina sababu yake ya kale: kibanda cha magari ya kukokotwa na farasi kilining'inizwa kwa mikanda ya ngozi ili abiria wasitikiswe. Mikanda imekwisha, jina limebaki. Mwingereza hasikii tena kuning'inia ndani ya neno lake. Limekuwa jina tu. Mswahili atakayesoma mning'inio atasikia kuning'inia waziwazi, na atatafuta kitu kinachoning'inia asikione, kwa sababu gari la leo limekaa juu ya springi zake. Kumfasiria msomaji sitiari iliyokufa kwa wenyewe ni kumfufulia maiti asiyemjua. Mfumo wa springi watosha.

Hatari hiyo inaonekana zaidi katika jina la ile mikono miwili. Mkono wa namna hii una matawi mawili upande wa chesisi, yanayokutana mahali pamoja upande wa gurudumu. Waingereza waliufananisha na mfupa wa kidari cha kuku wenye panda mbili, ambao kwao watu wawili huvuta huku na huku, na aliyebaki na kipande kikubwa hutamka moyoni jambo analolitaka. Tafsiri ya neno kwa neno itatupa mfupa wa matakwa, jina ambalo mwanafunzi wa shule ya ufundi atalicheka kabla ya kulikariri. Wamarekani walikwepa kuku wakatumia herufi A, kwa kuwa mkono huo una sura hiyo. Lakini sisi tuna neno letu la tangu zamani kwa kitu kilichogawanyika mara mbili: ni panda. Tuna panda ya mti, na tuna njia panda. Tunapendekeza mkono panda: mkono panda wa juu na mkono panda wa chini. Jina hili linaonyesha sura, halihitaji hadithi, na kijana aliyewahi kukata mti wa manati atalielewa papo hapo.

KITOVU NA MWADILIFU

Sasa tuvifikie vyuma vyetu viwili. Kwa kile kinachozunguka, lugha yetu imejaliwa. Kitovu ni mahali pa katikati pa tumbo, na kwa sitiari iliyo hai kabisa husemwa kitovu cha mji na kitovu cha biashara. Kitovu cha gurudumu kinaeleweka bila maelezo. Inapendeza kuona kwamba Wajerumani nao walifuata njia hiyohiyo: neno lao la kitovu cha gurudumu na lile la kitovu cha tumbo ni ndugu wa damu, na Kiingereza cha zamani kilikuwa na jozi kama hiyo. Hapa hakuna aliyemwiga mwenzake. Kila mtu akilitazama gurudumu huona tumbo na kitovu chake. Istilahi ya namna hii haihitaji kamati.

Taabu ni kwa kile chuma cha wima. Mwingereza hukiita kwa neno linalomaanisha kilichosimama wima. Kamusi humpa mfasiri maana tatu: wima, nyofu, na adilifu. Hatudhani kwamba yuko mfasiri atakayeandika waadilifu wa mbele, lakini wima wa mbele tunaliogopa, kwa kuwa linaonekana kama Kiswahili na kumbe halitaji kitu. Wima ni hali, si chuma. Mtu haendi dukani kununua hali.

Wapo wengine wanaopendekeza nguzo. Nguzo ina sifa ya kusimama, lakini nguzo haitikisiki, na chuma hiki kazi yake ni kupanda, kushuka na kugeuka. Wapo wanaopendekeza mhimili. Neno hili tayari linabeba mizigo mingi: mhimili wa dunia, mihimili ya Dola, na katika hisabati mstari ambao umbo huzunguka juu yake. Kuliongezea mzigo wa chuma cha gari ni kulionea, tena ni kumchanganya mwanafunzi, kwa sababu chuma hiki nacho kina mstari wake wa kugeukia, na tutalazimika kusema mhimili wa mhimili.

Tuangalie wengine walifanyaje. Wamarekani hukiita chuma hicho kwa jina la kifundo cha kidole. Wafaransa wana jina linalosema tu mbeba kitovu. Njia ya Wafaransa ni safi na tungeweza kuifuata. Lakini ile ya Wamarekani inagusa kitu ambacho Kiswahili kinacho kwa ubora zaidi kuliko Kiingereza. Sisi tuna kifundo cha mguu. Kifundo cha mguu hushika unyayo na kuuunganisha na mguu. Hakikanyagi chini, bali huruhusu unyayo kugeuka na kuinama. Ndiyo kazi ya chuma hiki barabara kabisa. Kwa hiyo tunapendekeza kifundo cha gurudumu, na kwa ufupi kifundo. Kitovu huzunguka, kifundo hushikilia. Maneno yote mawili yametoka mwilini, yote ni ya ngeli moja, na hakuna anayeweza kuyachanganya.

SENTENSI YA UCHAGUZI

Tuyapime sasa maneno hayo kwa kazi tuliyoitaja. Mwenye gari la kujiundia la aina ya Lotus Seven anapoliunda upya, kwa kawaida huwa na njia tatu kwa upande wa mbele.

Njia ya kwanza ni vifundo vya Triumph. Gari la Triumph Herald lilitoka mwaka 1959, na lilisifika kwa kuweza kugeuka katika duara dogo la futi 25 hivi, yaani kama mita 7.6. Vifundo vyake ni vyepesi, na kampuni ya Lotus ilivitumia katika Seven ya mwaka 1960 na kuendelea; vifundo vya ukoo huo vilitumika pia katika Lotus Elan ya mwaka 1962. Sifa yake ya pekee iko chini: mahali pa boljointi pana bunda la aina ya shaba lenye tundu la hesi, yaani mistari ya mzunguko kama ya parafujo, na ncha ya chini ya kifundo imeingizwa humo na kugeuka ndani ya hesi hiyo. Bunda hilo, kwa kukosa jina bora, tutaliita truniani.

Njia ya pili ni vifundo vya Ford Cortina ya toleo la 3 hadi la 5, zilizouzwa tangu mwaka 1970 hadi 1982. Hivi vina boljointi juu na chini, havina hesi ya kuhangaisha, lakini ni vizito kwa gari jepesi, kwa kuwa viliundwa kubeba gari la kilo 1,000 hivi. Faida yake kubwa iko kwenye gurudumu. Bolti nne za Cortina zimepangwa katika duara lenye kipenyo cha inchi 4.25, yaani milimita 108, sawa na zile za ekseli ya nyuma ya Ford Escort ambayo waundaji wengi huitumia. Za Triumph Herald ziko katika duara la inchi 3.75, yaani milimita 95.25. Mwenye vifundo na vitovu vya Triumph mbele na ekseli ya Escort nyuma hawezi kutumia gurudumu moja la akiba kwa pande zote, isipokuwa abadili vitovu.

Njia ya tatu ni vifundo vya Ford Sierra, gari lililorithi nafasi ya Cortina mwaka 1982 na kutengenezwa hadi mwaka 1993. Duara la bolti zake ni milimita 108 vilevile. Lakini Sierra haikuwa na mkono panda wa juu. Ilifuata mtindo wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambamo kifundo hubana kwa juu bomba nene la shokomzoba. Kwa hiyo mwundaji huingiza katika tundu la bomba hilo kipande cha chuma kilichochongwa, ambacho juu yake hufungwa boljointi. Waingereza hukiita kipande hicho uyoga kwa sura yake, na hapa mfasiri hana kazi: uyoga ni uyoga kila mahali.

Tazama sasa sentensi moja inayotokana na hayo: mwenye vitovu vya Triumph anaweza kubadili vitovu peke yake na kubakiza vifundo, lakini anayetaka kuepukana na truniani hana budi kubadili vifundo. Msomaji wa sentensi hiyo anajua la kununua. Sasa badala ya maneno yote mawili weka habu, kama inavyosemwa katika gereji nyingi: anaweza kubadili habu peke yake na kubakiza habu, lakini hana budi kubadili habu. Sentensi imekufa, na pesa ya mtu imekwenda nayo. Tuwe waadilifu hapa: Waingereza wenyewe huteleza, na wengi wao huita mkusanyiko wote wa Sierra kwa jina la kitovu. Lakini kuteleza kwa mwenye lugha si ruhusa kwa mfasiri kuanguka.

MAFUTA, GRISI NA OILI

Kuna sentensi nyingine ambayo hasara yake hukata zaidi ya pesa. Truniani ya Triumph hutakiwa kutiwa oili nzito ya gia, ile inayoitwa namba 90, mara kwa mara. Haitakiwi grisi. Grisi haipenyi vizuri katika hesi yote. Maji huingia, kutu huanza, kifundo hukaza ndani ya hesi, na kila usukani unapozungushwa chuma husokotwa kidogo. Hatimaye kifundo hukatika kwenye hesi, mkono panda wa chini huachana na gurudumu, na gurudumu hujikunja chini ya gari. Jambo hili linajulikana sana kwa wenye magari hayo.

Sasa fikiria kitabu kinachosema kwamba sehemu hiyo ilainishwe. Mfasiri wa kwanza ataandika itiwe mafuta. Neno hili katika Kiswahili lina ukarimu uliozidi: ni ya kupikia, ya taa, ya kujipaka, ya injini na ya kuendeshea gari. Fundi atachagua mwenyewe, na kwa kuwa kwenye sehemu za mbele amezoea bomba la grisi, atatia grisi. Mfasiri wa pili, mwenye kupenda usanifu, ataandika itiwe kilainishi. Neno ni sanifu, limeundwa kwa kanuni, na kwa swali letu la kwanza lingepata alama zote. Lakini grisi nayo ni kilainishi. Mfasiri wa tatu ataandika itiwe oili ya giaboksi namba 90, wala si grisi. Ametumia maneno ya mkopo katika sentensi moja, na ni yeye peke yake aliyemwokoa dereva.

Tunalisema hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba uhakiki wa istilahi ni vita dhidi ya mkopo. Oili na grisi ni maneno yetu sasa. Yameingia kwa mlango wa gereji na yakakaa kwa sababu yanatofautisha kile ambacho neno la asili halitofautishi. Ndivyo ilivyo kwa beringi, bushi, boljointi, nati na bolti. Anayetaka kuyafukuza aonyeshe kwanza jinsi atakavyoitofautisha bushi na beringi bila ya kuyatumia.

KULIA, KUSHOTO NA ALAMA 3

Yamebaki mambo mawili madogo ya kutazama. Truniani za Triumph hazifanani: ya upande mmoja ina hesi ya kuzungukia kulia, ya upande wa pili ina hesi ya kuzungukia kushoto, na hazibadilishani. Kwa hiyo ni lazima msomaji ajue upande. Lakini vitabu vya Waingereza husema upande wa karibu na upande wa mbali, majina yaliyotoka kwa wachunga farasi, ambao walimwendea mnyama kwa kushoto kwake. Tafsiri ya neno kwa neno itamfanya msomaji aulize: karibu na nini? Vitabu vya Marekani husema upande wa dereva, ambao kwao ni kushoto; kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa upande wa dereva ni kulia. Tafsiri itakuwa sahihi kwa kila neno na potofu kwa kila gurudumu. Dawa ni moja: mfasiri aandike kulia au kushoto kwa mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele, na alitangaze jambo hilo katika ukurasa wa kwanza. Zaidi ya hayo, atofautishe upande wa kushoto na hesi ya kushoto, kwani la kwanza ni mahali na la pili ni mwelekeo.

Jambo la pili ni namba za matoleo. Neno la Kiingereza linalotangulia namba ya toleo la gari ni lilelile wanalotumia walimu kwa alama za mtihani, na tumejionea jinsi jicho la mfasiri linavyovutwa kuandika Cortina alama 3. Gari halikufanya mtihani. Ni Cortina toleo la 3. Na toleo lisiachwe kamwe. Jina la Ford Cortina si geni Afrika Mashariki: Peter Hughes na Billy Young walishinda nalo mashindano ya East African Safari mwaka 1964. Lakini Cortina hiyo ilikuwa ya toleo la 1, na sehemu yake ya mbele ilifuata mtindo wa MacPherson. Mtu atakayeambiwa vifundo vya Cortina, bila toleo, akaenda kufumua gari la namna ile ya Safari, ataharibu gari la kihistoria na asipate anachokitafuta.

MAPENDEKEZO

Tunajua hoja itakayoletwa dhidi yetu. Itasemwa kwamba mafundi wameishi na habu kwa miaka mingi, magari yanatengenezwa, na kifundo kitabaki katika majarida ya Baraza. Hoja hiyo ina uzito, nasi tunaijibu kwa kutofautisha mahali. Penye gari mbele yake, fundi hahitaji istilahi, anahitaji kidole. Husema habu na kukionyesha kitu, na msaidizi wake haondoki na kingine. Lakini kitabu hakina kidole. Barua ya kuagiza vipuri haina kidole, mtihani wa ufundi hauna kidole, na ripoti ya ajali inayosomwa mahakamani haina kidole. Penye kidole mkopo mmoja wa jumla watosha. Pasipo kidole, maneno hayana budi kuifanya kazi yake. Hatuombi fundi aache neno lake. Tunaomba mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wasiandike kana kwamba wamesimama gereji.

Kwa ajili hiyo tunatoa majina haya yajadiliwe:

Gari la kujiundia: gari ambalo mwenyewe huliunganisha kwa chesisi na vipuri alivyovikusanya.

Gari la kutolea vipuri: gari kuukuu linalofumuliwa ili vipuri vyake viundie gari jingine.

Mfumo wa springi: springi, shokomzoba, mikono na viungo vyote vinavyobeba gari juu ya magurudumu.

Mkono panda: mkono wenye matawi mawili upande wa chesisi na kiungo kimoja upande wa gurudumu.

Kitovu cha gurudumu: chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu na ambacho gurudumu hufungwa juu yake.

Kifundo cha gurudumu: chuma kisichozunguka, kinachoshika kitovu na breki, na kugeuka usukani unapozungushwa.

Duara la bolti: duara linalopita katikati ya bolti zote za kitovu, hupimwa kwa kipenyo chake, si kwa nusu kipenyo.

Truniani: bunda lenye tundu la hesi ambamo ncha ya chini ya kifundo hugeuka, hutiwa oili ya gia, wala si grisi.

Wasomaji watagundua kwamba katika fasili ya mwisho tumeingiza agizo la kazi, jambo ambalo kwa kanuni za kamusi si mahali pake. Tumelifanya kwa hiari. Penye hatari ya gurudumu kujikunja, tunaona ni heri fasili iwe ndefu kuliko maisha ya anayeisoma kuwa mafupi. Walio na majina bora kuliko haya, hasa kwa truniani, ambayo tumeikopa kwa shingo upande, wayalete. Na kila jina litakaloletwa tunaomba liambatane na sentensi moja ya uchaguzi, ili tulipime.